Kope Zinazotazama Chini

Yule mama alirudi dukani kabla hata saa nne haijagonga, akauweka muhuri wake mezani kwa kishindo.

"Fundi, mimi naitwa nani?"

Mzee Maeng Ildo akainua uso. Ilimbidi auinue sana, kidevu kikielekea dari, kama mtu anayezuia damu ya pua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwatazama watu siku hizi.

"Si Bi Hyangran?"

"Haya. Na hapa umeandika nani?"

Mzee akauchovya muhuri kwenye wino mwekundu, akaugonga kwenye karatasi, akaisogeza karatasi karibu na pua. Hangran. Herufi ile ilitaka vijistari viwili ubavuni. Yeye alikuwa amechonga kimoja.

"Nimepanga foleni saa nzima," akasema yule mama, "ili binti wa dirishani, pale ofisi ya kata, aniambie kwamba mimi si mimi. Na jioni natakiwa kuugonga kwenye karatasi za nyumba!"

Mzee akaomba radhi mara nne, akamchongea mwingine papo hapo, kwenye pembe nzuri ya nyati badala ya mti, huku jasho likimtoka ingawa vuli ilikwisha kuingia na upepo wa mji wa Daegu ulishaanza kuuma masikio. Mama alipoondoka, kicheko kikasikika kutoka upande wa pili wa duka. Chumba kile chembamba walikitumia wawili: Maeng na mihuri yake kushoto, Gu fundi funguo kulia, katikati hakuna hata pazia.

"Mara ya tatu mwezi huu," Gu akasema. "Kaka, ukiendelea hivi mtaa mzima utabadili majina."

"Chonga funguo zako."

"Funguo zangu zinafungua."

Mzee Maeng akasonya, akajifuta machozi. Si kwamba alikuwa analia, ingawa wateja walidhani hivyo. Mwezi uliopita bibi mmoja alimpa kitambaa chake cha mkononi, akamshika bega, akamwambia ajikaze, kila mtu amefiwa.

Miaka thelathini na minane alikuwa amekaa kwenye kiti kile, ng'ambo ya barabara kutoka ofisi ya kata, akichonga majina ya watu kinyumenyume ili yakigongwa yasomeke sawasawa. Mikono yake haikutetemeka. Akili yake ilikuwa timamu. Kilichomtesa kilikuwa kope. Tangu ujanani nywele za kope zake zilikuwa zimenyooka kama sindano na kutazama chini, kama za baba yake na za baba zake wadogo wote, na hakuna aliyewahi kuzijali. Lakini miaka ilivyosonga, ngozi ya kigubiko cha jicho ikalegea, ikateremka, ikakalia mashina ya zile nywele na kuzisukuma chini zaidi. Sasa zilining'inia mbele ya mboni kama chelewa za ufagio. Alipoinamia kazi na lenzi jichoni, ni kama alikuwa anachungulia jina la mtu kupitia majani ya mpunga. Na zilichoma. Kila alipopepesa, zilimkwaruza.

Alibadili miwani mara tatu. Kope zikawa zinafagia vioo vya miwani na kuviachia mafuta. Mwishowe daktari kijana aliyempima akaiweka miwani pembeni, akamwambia, "Mzee, tatizo lako si kuona. Kigubiko kimeshuka na kope zimeshuka nacho. Hiyo ni kazi ya upasuaji."

Siku tatu alilibeba jambo lile moyoni. Usiku wa nne, mbele ya supu ya maharage, akalitoa.

"Nataka kupasuliwa macho."

Mkewe, Yeo Bokhui, aliyeitwa Mama Seulbi na kila mtu kuanzia mwenye nyumba mpaka muuza samaki, akasimamisha kijiko hewani. "Una mtoto wa jicho?"

"La. Hapa juu. Kigubiko."

Akakiweka kijiko. Kisha akacheka mpaka akashika kifua.

"Baba Seulbi! Na nani huyo unayetaka akuone?"

"Kazi! Nataka nione kazi!"

"Mimi nilitaka kufanya hivyo hivyo miaka mitano iliyopita. Unakumbuka ulichonijibu? Ulisema uso nimepewa na wazazi, sina ruhusa ya kuukata. Ulihutubia wiki nzima. Shemeji zangu walipiga simu kunipa pole."

"Wewe ulitaka urembo."

"Na wewe?"

"Mimi kope zinanichoma!"

"Loh," akasema Mama Seulbi, akarudi kwenye supu yake. "Za wanaume zinachoma, za wanawake ni urembo. Kula, inapoa."

Binti yao Seulbi, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, aliyekuwa akiuza bima na kuongea kwa kasi ya wauza bima, alipopata habari alipiga kelele za furaha kwenye simu.

"Baba! Hatimaye!"

"Hatimaye nini?"

"Usijali, niachie mimi. Kuna mahali napafahamu—yaani wananifahamu. Rafiki zangu wanne wametengenezewa hapo."

"Sitaki kutengenezwa. Nataka kope ziinuke."

"Ndiyo, ndiyo, hayo hayo."

Hayakuwa hayo hayo. Kliniki ilikuwa ghorofa ya tisa, sakafu inang'aa kiasi kwamba Mzee Maeng alivua viatu bila kuambiwa akalazimika kuvivaa tena mbele ya watu. Kabla ya daktari palikuwa na mshauri, binti mwenye koti jeupe asiye daktari wala muuguzi, mwenye sauti ya asali.

"Karibu, baba."

Mzee akamgeukia Seulbi. "Ananiita baba?"

"Wanaita wote hivyo. Kaa."

Mshauri akampiga picha, akaichezea kwenye kompyuta, akamgeuzia kioo. Aliona humo mtu mwenye macho ya duara kama ya ndama, mashavu yamejaa, na ngozi isiyo na hata mkunjo mmoja.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, baba! Baada."

"Baada ya kufa?"

Seulbi akamfinya paja. Mshauri hakutetereka. Akaeleza kwamba kigubiko cha juu kingependeza zaidi kikiambatana na mifuko ya chini ya macho, na mifuko ikiondolewa pua ingeonekana fupi, kwa hiyo pua nayo iinuliwe kidogo tu, kidogo sana.

"Binti," akasema Mzee Maeng, akijitahidi kushusha sauti, "sikiliza. Nina nywele. Ziko hapa. Zinaingia jichoni. Nataka zitoke jichoni. Basi. Pua yangu iache hapo ilipo."

"Tumekuelewa kabisa, baba," akasema mshauri, akaandika kitu. Baadaye sana mzee alikuja kukisoma alichoandika. Kiliandikwa: mteja anapenda mwonekano wa asili.

Daktari alikaa naye kwa muda usiotosha hata kuchemsha maji ya chai. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye haraka. Alivuta ngozi ya jicho kwa vidole viwili, akasema, "Ngozi ni nyingi. Tutaipunguza, tutaweka mkunjo, jicho litafunguka."

"Na kope?"

"Zitafuata," akasema daktari, na alikuwa ameshafika mlangoni.

Upasuaji ulichukua muda mfupi kuliko kunyolewa nywele. Mzee alirudi nyumbani na macho yaliyovimba kama mandazi, akalala chali, barafu usoni. Mama Seulbi akampikia supu ya mwani, bakuli kubwa, asubuhi, mchana na jioni.

"Hii si wanapewa wazazi waliotoka kujifungua?"

"Umeshonwa, hujashonwa? Kunywa."

Na maji ya boga, eti yanaondoa uvimbe. Alikunywa maboga ya shamba zima. Siku ya nane akarudi kazini na miwani myeusi. Gu alimwacha akae, avae aproni, apange vifaa vyake, ndipo akauliza kwa upole:

"Tukupe hongera ya mtoto wa kike au wa kiume?"

Mzee akamrushia kipande cha mti.

Lakini uvimbe ulipokwisha, mtaa ulimgeukia. Mwenye duka la keki za mchele alitoka nje kumwangalia. Karani wa ofisi ya kata alimpita bila kumtambua, akarudi nyuma, akapiga makofi. "Umepungua miaka kumi!" Dada yake alimpigia simu kutoka Pohang baada ya kutumiwa picha na kusema alifanana na marehemu kaka yao siku ya harusi yake. Seulbi akatembea na picha ile kwenye simu, akiwaonyesha wateja wa bima. Hata Mama Seulbi, alipodhani haonekani, alimtazama kwa jicho la pembeni huku akikata vitunguu.

Mzee Maeng akaketi kwenye kiti chake, akainama, akaweka lenzi jichoni.

Majani ya mpunga yaleyale.

Akapepesa. Yakamkwaruza. Akachukua kioo kidogo, akakishika chini ya uso, akatazama. Juu, kweli, palikuwa na mkunjo maridadi kama uliochorwa kwa wino. Chini ya mkunjo, ngozi ilikuwa imebaki imelala pale pale, na kope zake zote, moja moja, zilikuwa zinatazama chini kama waombolezaji.

Alirudi ghorofa ya tisa peke yake. Mshauri alifurahi mno kumwona.

"Baba! Umependeza jamani!"

"Kope hazijainuka."

"Lakini angalia ulivyopendeza."

"Binti, nilikwambia kope. Nilisema kope mara ngapi?"

Akaingia ndani, akatoka, akasema daktari yuko kwenye upasuaji, ila ameona picha na mkunjo uko sawa kwa pande zote mbili, kazi imefanikiwa. Kuhusu kope, zile ni nywele, na nywele zina wataalamu wake. Akampa kadi ya waridi yenye picha ya kipepeo. Ilikuwa hati ya kukunjiwa kope bure, mara moja, kwenye saluni ya ghorofa ya pili.

Mzee akaitazama ile kadi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Alikuwa amewachongea mihuri mahakimu. Akaiweka kadi juu ya kaunta taratibu, akaingia kwenye lifti, na lifti ilipofunga akaupiga teke ukuta wake.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mkewe, akachukua kile kikoleo cha kukunjia kope, akasimama mbele ya kioo cha bafuni. Jinsi kilivyotumika hakujua. Mama Seulbi alikuja mbio kwa ukelele wake, akamkuta ameinama, mkono mmoja ukutani, kikoleo kikiwa kimeng'ang'ania kigubiko cha kulia.

"Usivute! Usivute, wewe mzee! Achia hapo juu—kwanza achia!"

Akamtoa. Akamkalisha kwenye ukingo wa hodhi, akamwekea kitambaa baridi. Na hapo Mzee Maeng akalipuka. Akasema juu ya kliniki, juu ya mshauri, juu ya Seulbi na rafiki zake wanne, juu ya watu wote wa mtaa wanaomsifia kitu ambacho hakukiomba. Nani aliwaambia anataka kupungua miaka? Alitaka kuchonga! Kitu kimoja tu alichoomba, kimoja, na kila mtu alimpa kingine, kisha anataka ashukuru!

"Na angalau," akamalizia, akipumua kwa nguvu, "angalau tangu nipasuliwe sijakosea muhuri hata mmoja. Hakuna aliyerudi."

Mama Seulbi akakikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kuhusu hilo," akasema.

"Kuhusu nini?"

"Ile mihuri unayoniachia niifunge kwenye vijaluba jioni. Huwa naigonga kwanza. Nalinganisha na karatasi za oda."

Akakining'iniza kitambaa kwenye bomba.

"Ukikosea nakwenda kwa mzee wa stesheni, yule mwenye mashine. Anatengeneza mpya asubuhi kabla mteja hajaja."

"Mashine?"

"Baba Seulbi—"

"Mingapi?"

"Si mingi."

"Bokhui. Mingapi?"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu mwaka aliozaliwa Seulbi. "Kumi na mmoja," akasema mkewe. "Tangu upasuliwe."

Mzee Maeng akaushika ukingo wa hodhi kwa mikono miwili. Majina kumi na moja ya watu yalikuwa yanazunguka Daegu yamechongwa na mashine, na wenyewe wakimsifu yeye. Alitaka kukasirika. Alitafuta hasira, ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa imemjaa mpaka kooni, asiipate. Alichokipata ni aibu, na nyuma ya aibu picha ya mwanamke huyu akiamka alfajiri kwenye baridi, akivaa soksi gizani ili asimwamshe.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa tayari unagombana na kila mtu. Nikaona nisikae foleni."

Wiki ile ile Mama Seulbi aliulizauliza sokoni, alikokuwa akiuza bidhaa za pamba zamani, si kwa rafiki za Seulbi bali kwa wanawake wauza vitambaa, watu wanaotunga sindano mchana kutwa. Jina walilompa lilikuwa moja: Daktari Bang Yeonsuk, hospitali ndogo ya macho nyuma ya soko la mitumba, ghorofa ya kwanza, viti vya plastiki. Hakukuwa na mshauri. Daktari Bang alikuwa mwanamke wa makamo ya juu, nywele fupi, mikono mikubwa, na sauti ya mtu aliyekulia shambani.

"Nani kakushona?"

Mzee akataja.

"Kashona vizuri. Kashona pasipotakiwa."

Akachukua kijiti chenye pamba, akakiegemeza kwenye kigubiko, juu kidogo ya mashina ya kope, akasukuma taratibu, akampa mzee kioo kwa mkono wa pili. Mzee Maeng akaona kope zake zikiinuka. Zote. Zikatazama mbele. Chumba kikawa cheupe. Daktari akaachia, zikaanguka.

"Umeona? Haya. Hapa ndani kuna msuli unaoinua jicho. Watu wengine msuli huo unatuma nyuzinyuzi zake mpaka kwenye ngozi, unaishika. Wengi wetu huku, haushiki. Ngozi inateleza tu, kama soksi iliyolegea, inakwenda kukalia kope. Yule kijana alikata soksi juu. Hakuifunga popote. Ikateleza tena. Mimi nitaishona ngozi ya chini kwenye kile kigumu kilicho ndani ya kigubiko. Ikishikwa pale, kope zinageuka zenyewe."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Mimi si ndiyo nakuambia?"

Mzee akavua saa yake ya mkononi, akampa mkewe, akaanza kukunja mikono ya shati. "Haya, daktari. Nilale wapi?"

Daktari Bang akacheka kwa mara ya kwanza. "Vaa saa yako. Kovu bado bichi. Urudi baada ya miezi sita."

"Miezi sita!"

"Nikikata sasa nakata uji. Miezi sita, mzee wangu, na usiyasugue."

Walipofika mlangoni kwao akasema "miezi sita" mara mbili kwa sauti ya chini, kama mtu anayetajiwa kifungo.

Ikawa miezi sita ya kichekesho. Mama Seulbi alikwenda kwenye duka la vipodozi akanunua ule utepe mwembamba ambao wasichana wa sekondari huubandika kwenye vigubiko ili wapate macho makubwa. Kila asubuhi, kabla ya wali, Mzee Maeng alikaa kwenye kigoda, akafumba macho, mkewe akambandika, akisukuma ngozi juu kwa kijiti cha meno. Utepe uliinua kope nusu tu, na jasho likija ulibanduka upande mmoja, ukaning'inia.

"Kaka," Gu alisema siku ya kwanza, "leo una mtihani wa hesabu?"

Siku ya pili akamletea utepe wenye picha za paka.

Na Mama Seulbi akahamia dukani. Hakuomba ruhusa. Alileta kigoda chake na kikapu cha mahindi ya kuchemsha, akakaa kati ya mihuri na funguo. Mzee akichonga, yeye akagonga, akasoma kwa sauti, akalinganisha. Palipo na kosa alisema "hapa," na mzee akachonga upya, kwa mkono wake mwenyewe, hata kama ilimchukua mchana mzima na macho yakamwagika. Hakuna uliokwenda stesheni. Waligombana kila siku. Mke alisema mzee anakandamiza sana, mzee alisema tangu lini muuza bidhaa za pamba amekuwa bingwa wa mihuri, Gu akasema angelipa kiingilio kusikiliza.

Mwishoni mwa majira ya kuchipua, siku yenyewe ikafika. Kwa Daktari Bang hapakuwa na haraka. Alimchoma sindano ya ganzi, akafungua, akashona, huku akimuuliza habari za pembe ya nyati na kama ni ngumu kuliko mti. Katikati ya kazi akamwinua akae wima pale pale mezani, damu na yote.

"Fungua. Tazama mbele. Tazama chini. Tazama mimi."

Akamkodolea jicho la kushoto, akaguna.

"Hapa karibu na pua zimelala mbili. Rudi chini."

"Mbili si kitu, daktari."

"Wewe ukikosa kijistari kimoja unasema si kitu?"

Mzee akalala. Daktari akamfumua nyuzi tatu, akamshona upya, mpaka muuguzi akabadili glavu. Walipotoka Mama Seulbi alikuwa amelala kwenye kiti cha plastiki, mdomo wazi, kikapu mapajani.

Safari hii uvimbe ulichukua mwezi kwisha, na ulipokwisha ukaacha ukingo wa jicho mwekundu, ulioinuka kidogo, kope zikiwa zimesimama mbele kama mswaki. Mtaa ukaja kumtazama, na mtaa ukasikitika.

"Masikini," akasema mwenye keki za mchele. "Ule wa kwanza ulikuwa umetoka vizuri."

"Kwani umeshtuka nini?" akauliza karani wa kata, akageuka kutazama nyuma yake.

Dada yake wa Pohang akamwambia kwenye simu kwamba jambo la muhimu ni uzima. Seulbi alikuja mwenyewe, akamshika baba yake mashavu, machozi yakamlengalenga.

"Baba, tumeharibu. Ni kosa langu. Nimeongea na kliniki, wanasema wanaweza kurekebisha wakurudishe—"

"Seulbi."

"—na safari hii daktari mkuu mwenyewe—"

"Seulbi! Soma ule ubao."

Akamwelekeza ng'ambo ya barabara, kwenye tangazo la ofisi ya kata. Seulbi akasoma lililoandikwa kwa herufi kubwa, juu ya takataka za chakula. Mzee akasoma lililo chini yake, kwa herufi ndogo, mpaka namba ya simu, kidevu chake kikiwa kimetulia mahali pa videvu. Kisha akainama, akaweka lenzi, akaanza kuchonga, na binti yake akabaki amesimama na mkoba wake, akisikiliza patasi.

Alichonga mihuri mitano siku ile. Mama Seulbi aliigonga yote, akaisoma, akatafuta kosa kwa bidii ya mtu anayetaka kulipata. Hakulipata. Siku ya tatu alikibeba kigoda chake kwenda nyumbani. Siku ya nne akakirudisha, akisema nyumbani kuna joto.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Wale wanawake wauza vitambaa walisikia. Mmoja alikuja akajifanya anataka muhuri wa mti wa bei ndogo, na alipokaa akasema, "Fundi, hebu fumba. Fumbua. Mh." Kesho yake akaja na wawili. Kisha akaja mwanamume, dereva wa lori, mwenye kope kama fagio, akilia macho yote mawili. Wiki ya pili walikuwa wanangoja nje kwenye kivuli, wazee kwa vikongwe, na Gu, kwa hiari yake, akawa anawapanga.

"Wa muhuri mkono huu! Wa kope mkono huu!"

"Hapa ni duka la mihuri!" Mzee Maeng akapaza sauti bila kuinua kichwa. "Mihuri! Mnaniziba mwanga!"

Hakuna aliyesogea. Mama Seulbi alikuwa keshatwaa uwanja, gunzi la hindi mkononi, akieleza juu ya soksi, na wapi ikatwe na wapi ifungwe, na jinsi ya kumjua daktari mzuri, kwamba kwanza hakuiti mama. Alieleza kana kwamba alikuwa ameshika kisu mwenyewe.

Bibi mmoja mfupi, mgongo umepinda, akapenya mpaka mezani. Akamshika Mzee Maeng kidevu kwa vidole vinavyonuka kitunguu saumu, akamwinua uso kuelekea dirishani, akamkagua jicho la kulia, kisha la kushoto, asiwe na haraka hata kidogo. Mzee alikuwa na muhuri mkono mmoja na patasi mkono wa pili, jina la mtu likiwa nusu.

"Inauma?" akauliza bibi.

"Sindano ya kwanza tu," akasema Mzee Maeng kwa kuchoka. "Zilizobaki husikii. Sasa niachie, bibi, nina kazi."

"Ngoja kwanza," akasema bibi. "Hili la kushoto sijaliona vizuri."